Rangi ya Kucha kwa Wanajeshi Ishirini

Juzi mdogo wangu wa mwisho alikuja kunitembelea hapa Nyamitanga, akakalia kiti changu kizuri na kufungua kichupa cha rangi ya kucha bila hata kuomba ruhusa. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga ndizi. Harufu iliponifikia niliacha mwiko nikaja mbio, naye akadhani nimekuja kumgombeza kwa ajili ya kitambaa cha kiti. Nilitaka kunusa tu. Wanawake wengi wakisikia harufu ile wanakumbuka harusi. Mimi nakumbuka vita, iliyopiganwa juu ya mlango mkuukuu kule kambini Nakivale, kati yangu na rafiki yangu Nadine, na karibu kila siku aliyepigwa nilikuwa mimi.

Mama alikuwa anauza mivumba, yaani nguo za mitumba. Nyinyi wa rika langu mliokulia kule mtakumbuka siku ya kufungua robota. Mama alikuwa anatoka alfajiri kwenda Mbarara, anapitia Kaberebere, na jioni anarudi na robota limefungwa kwa nyaya za bati, limekazwa utadhani ndani kuna mwizi. Kabla nguo hazijatundikwa, sisi watoto tulipewa kazi ya kupekua mifuko. Sheria ya nyumbani ilikuwa kwamba kilichomo mfukoni ni cha aliyekiona. Nilishapata vifungo, tiketi za treni za nchi nisizozijua, pipi iliyogandana na karatasi yake, na jino moja la mtoto ambalo mama aliamuru nikalizike mbali na nyumba.

Siku ninayoikumbuka nilipata koti la mtoto, zito, la nchi ya baridi, ambalo hakuna mtu mwenye akili zake angelinunua Nakivale. Mfuko wa ndani ulikuwa na kifurushi, na ndani ya kifurushi kulikuwa na fremu za plastiki ya kijivu zilizoshikilia vipande vidogo vidogo. Nilipotazama kwa karibu nikaona ni watu. Kiwiliwili hapa, mkono pale, kichwa chenye kofia ya chuma kwenye kona yake, miguu miwili miwili, na farasi aliyepasuliwa katikati kuanzia puani mpaka mkiani.

Leo najua kwamba vitu vile huuzwa hivyo hivyo, vipande vipande, na kwamba kuna watu wazima wenye kazi zao na ndevu zao ambao huviunga, huvipaka rangi na kuvipiganisha juu ya meza, wanapima kwa rula na kubishana. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao, kasoro ndevu. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa, na kila mtu niliyemjua alikuwa amekimbia vita. Nilichoelewa ni kwamba wale ni majeruhi. Nilidhani mtu fulani huko kwenye baridi alikuwa ameokota watu wadogo waliolipuliwa, akawafunga pamoja na kuwatia kwenye koti ili wafike mahali pa kutibiwa. Na kwa kuwa walikuwa wamefika Nakivale kama sisi, nilijua ni kazi yangu.

Nilimpelekea Nadine wagonjwa wote. Nadine alikuwa Mrundi, jirani wa mlango wa pili, ananizidi mwaka mmoja na anayejua kutumia wembe. Tulihesabu. Viwiliwili ishirini, vichwa ishirini na viwili. Hapo nilipata hofu kweli kweli. Nilirudi mara tatu kupekua lile koti nikitafuta miili ya wale wawili, nikapasua hata bitana, na mama akanichapa kwa ajili ya bitana. Nadine ndiye aliyenituliza.

"Hao wawili usilie juu yao," aliniambia. "Miili yao bado iko njiani. Tutawawekea nafasi."

Tukaviweka vile vichwa kwenye kisanduku cha kiberiti chenye pamba, na kazi ikaanza. Nadine alikata, mimi niliunga kwa supagluu. Hatukuwa na picha ya kutuongoza, kwa hiyo kila mgonjwa alipata mkono uliokuwa karibu. Mmoja alipata mikono miwili ya kushoto. Mwingine alipata kichwa kilichotazama nyuma, tukasema huyo ndiye mlinzi. Farasi tulimuunga vizuri, isipokuwa tulisahau kumwondoa chungu aliyekuwa ameingia ndani.

Tulikuwa tunafanyia kazi kwenye chumba ambacho Mama Nadine alihifadhia maharage yake, juu ya mlango wa zamani uliolazwa kwenye matofali kama meza. Mama Nadine alikuwa Mkatoliki wa kutoka moyoni, mwenye rozari tatu, moja ya kila siku na mbili za dharura. Siku alipoingia na kuona watu ishirini wadogo wamesimama na mikuki mkononi, alishika kifua.

"Yezu wangu! Wachungaji!" alisema. "Munatengeneza pango ya Noheli bila kuniambia?"

Mimi na Nadine tulitazamana. Mikuki ikawa fimbo za wachungaji. Kofia za chuma zikawa kofia za baridi, kwa maana Mama Nadine alitueleza kwamba Bethlehemu kuna baridi kali mwezi wa Desemba. Farasi akawa punda wa Maria. Hakuna aliyesema uongo, ila hakuna aliyefungua mdomo pia, na kesho yake Mama Nadine alituletea vichupa vitatu vya rangi ya kucha vilivyobaki kwenye harusi ya mpwa wake, chekundu, cheupe, na kimoja cha dhahabu ambacho kwa ajili yake ningeibia hata kanisa.

Rangi ya kucha inatafuna plastiki, hilo nilijifunza kwa uchungu. Wanajeshi wa kwanza walitoka na nyuso za watu wenye homa. Aliyenionyesha njia alikuwa fundi wa mabango ya maduka kule Nyamityobora, mzee Mnyankole mwenye madoa ya rangi kwenye nyusi. Mama alikuwa amenichukua Mbarara wakati wa likizo, na akiwa anabishana na muuza robota, mimi nilitoa mwanajeshi wangu mfukoni nikamtazama. Yule fundi alishuka kwenye ngazi.

"Hii nani alipaka? Wewe?" aliuliza. "Unaweka mingi sana. Uso yote imekwenda. Kwanza paka nyeusi, ngoja kauka. Halafu rangi ingine, kidogo kidogo. Hapana haraka."

Alinipa nyeusi iliyobaki kwenye kopo, na brashi iliyochakaa ambayo aliipunguza kwa wembe mpaka ikabaki na nywele chache tu. Nilipokuwa naondoka aliniita tena.

"Na ile maji ya kuosha brashi, usimwage. Paka hiyo juu, itaingia kwa mikunjo, utaona."

Nilipaka maji machafu juu ya joho jekundu la mwanajeshi, nayo yakateremka kwenye mikunjo yakakaa humo. Ghafla joho likawa kitambaa kweli. Nimefurahi mara nyingi tangu siku hiyo, nimehitimu masomo, nimepata kazi, nimenunua kile kiti kizuri. Sina hakika kama nimewahi kufurahi namna ile.

Watu walipopona walihitaji nchi. Tulisaga udongo wa kichuguu tukaukanda na mavi ya ng'ombe, tukapata vilima visivyopasuka. Migomba tuliikata kutoka kwenye maganda makavu ya mgomba wenyewe, tukaisimamisha kwa miiba. Matete ya ziwani yalikuwa nyuzi za ufagio, zimepandwa moja moja kwenye ukingo wa ziwa la nailoni ya buluu. Ng'ombe wa Kinyankole walitushinda, maana kila tukitia pembe ndefu ng'ombe anaanguka kwa kutanguliza pua. Upande mmoja wa mlango tuliweka uzi mwekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ulikuwa mpaka, na ng'ambo ya uzi ilikuwa Nakivale, yenye nyumba za tope na paa za turubai nyeupe tulizozikata kwa ukubwa wa stempu.

Mama Nadine akiwa ndani, walikuwa wachungaji. Akienda shamba, ilikuwa vita. Kila mmoja alikuwa na watu kumi. Mtu wa miguu alitembea njiti nne za kiberiti, farasi njiti nane. Kupiga, ulirusha kizibo cha soda. Kikianguka mdomo juu, adui yako ameanguka. Na aliyeanguka hakufa. Wazo hilo halikutujia hata kidogo. Aliyeanguka alikimbia, anavuka uzi, anapanga foleni zamu tatu, anapewa kadi ya karatasi iliyo ndogo kuliko ukucha, kisha anapewa kiwanja. Mwenye kadi harudi vitani. Mshindi alikuwa yule aliyebaki na mtu upande wa vita, ila Nadine aligundua kwamba mtu huyo anabaki peke yake, hana hata wa kumwomba chumvi, kwa hiyo naye mwishoni tulimvusha. Kila vita yetu iliisha hivyo, watu wote ishirini wamehamia Nakivale, adui na adui wakiwa majirani. Nilidhani hivyo ndivyo vita zote duniani zinavyokwisha, na kwamba siku moja watu wote watakuwa wamefika kwetu, na nilikuwa na wasiwasi kama maji ya bomba yatatosha.

Sasa nimtaje baba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa tishio. Baba alikuwa shemasi katika kanisa la maombi ya sauti kubwa, mtu mwema, mcheshi akishakula, lakini alikuwa na ugomvi wake na sanamu. Mwaka mmoja alichoma mwanasesere wa mdogo wangu kwa sababu tu macho yake yalifumba na kufumbua. Yeye na Mama Nadine walipeana chumvi na makaa, walisalimiana vizuri, lakini ukifika Desemba baba alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya mlango wenye pango. Nilijua kabisa kwamba akiwaona watu wangu watakwenda motoni, wote ishirini, pamoja na rangi ya dhahabu.

Jumapili moja, kabla ya kwenda kanisani, nilipita kwa akina Nadine mara moja tu kumrudishia mtu wa joho jekundu mkuki uliong'oka. Mama akaita. Nikaharakisha, supagluu ikamwagika, na mwanajeshi akaganda kwenye kidole gumba changu, amesimama wima. Nilivuta, akanivuta. Mama akaita mara ya pili kwa ile sauti mnayoijua. Nikafunga ngumi nikaenda kumwabudu Mungu.

Baba alikuwa mbele anaongoza sifa. "Tuinue mikono!" alisema. Watu wakainua. Mimi nikainua mmoja.

"Mikono yote mbili!" akasema baba, na macho yake yakaja moja kwa moja kwangu. "Na ule mungine, mwanangu, unafichia Mungu nini?"

Niliinua ngumi. Akaendelea kunitazama. Kanisa zima likaanza kugeuka. Nikafungua vidole, na pale juu ya kidole gumba, mbele ya waumini wote, akasimama mtu mdogo mwenye joho jekundu na mkuki. Mama mmoja wa mstari wa mbele alipiga kelele "Yesu!" na haikuwa ya kusifu.

Nyumbani mama alinilowesha kidole kwenye mafuta ya mawese ya moto moto, akamtoa mtu yule taratibu huku akijizuia kucheka. Baba hakucheka.

"Iko ingine?" aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Fasi gani?"

"Kwa Mama Nadine."

Baba alichukua kiberiti jikoni, akamchukua na mtu wa mawese, akatoka. Mimi nilimfuata nikilia kwa sauti ya kutosha ili majirani wajiandae.

Mama Nadine alimpokea kwa mikono miwili. Ilikuwa mara ya kwanza shemasi kuingia kwake. "Karibu, Shemasi, karibu! Kumbe na wewe umekuja kuona wachungaji wetu wa Noheli!"

"Ninakuya kubachoma," alisema baba kwa upole.

"Kuchoma wachungaji wa Yezu?"

"Ile njo sanamu, Mama Nadine. Unaisema weye mwenyewe."

Niliona jinsi utetezi wake unavyotumaliza. Nikasema jambo pekee nililoona linaweza kuwaokoa. "Si wachungaji, papa! Ni wanajeshi! Banapigana!"

Kisha Mama Nadine akageuka. "Wanajeshi? Nimetoa rangi ya harusi kwa wanajeshi? Ndani ya nyumba yangu, pembeni ya maharage yangu?" Sasa tulikuwa na wazazi wawili wenye hasira na kila mmoja na sababu yake. Nadine alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo hajaiombea radhi.

Baba aliinama juu ya mlango. Alitazama vilima, matete, zile nyumba zenye turubai. Aligusa paa moja kwa ncha ya kidole. "Ni wanajeshi ya nani?" aliuliza.

Nadine, ambaye hakuogopa mtu, alimweleza mchezo mzima, njiti, kizibo, uzi, foleni, kadi. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza mashahidi wa ugomvi wa mashamba. Nadine alipofika kwenye aliyeanguka, baba alinyanyua mkono.

"Mwenye kuanguka anafika Nakivale namna gani?"

"Anakimbia," tulisema pamoja.

"Hapana. Mwenye kuanguka anabakia pale pale." Alisema bila ukali. "Ile mie ninaijua."

Baba alikuwa na mdogo wake aliyebaki njiani siku tuliyokimbia. Nyumbani kwetu jambo hilo tulilijua wote na hakuna aliyelitamka. Nilikuwa sijawahi kulifikiria nikiwa mbele ya ule mlango, na nilijisikia vibaya, kana kwamba nimecheza na kitu chake bila kumuuliza.

Baba akavuta debe akakaa. "Nipe kumi," akasema. "Tucheze na ile sharti yangu."

Nadine alimpa watu wangu kumi, akiwemo yule wa mawese, akachukua wake. Njiti zetu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo baba alifungua kiberiti chake akamwaga za kwake juu ya meza. Nadine alipanga jeshi lake vizuri, farasi ubavuni, mlinzi kilimani. Zamu ya baba ilipofika, aliwageuza watu wote kumi, akawapa adui mgongo, na kuanza kuwapeleka kwenye uzi.

"Papa, haujapigana!" nilisema.

"Kuko sharti inakataza?"

Haikuwapo. Nadine alirusha vizibo, lakini baba hakumpa nafasi. Aliuliza kama mtu anaweza kujificha nyuma ya kilima, tukasema ndiyo. Aliuliza kama mwenye kuwa ndani ya matete anaonekana, tukasema hapana, na wote kumi wakaingia kwenye zile nyuzi za ufagio kwa mstari mmoja, wakafuata ukingo wa ziwa. Sijawahi kuona mtu anatumia nchi yetu namna ile. Tuliijenga kwa mapambo tu, yeye aliisoma kila shimo. Mama Nadine alikuwa amesahau hasira zake, amesimama nyuma yake na rozari ya dharura mkononi. "Shemasi, huyo wa nyuma! Pitisha huyo nyuma ya kichuguu!"

Wakavuka wawili, wakavuka watano, wakavuka tisa. Akabaki yule wa joho jekundu, njiti moja kabla ya uzi, nje ya matete, na farasi wa Nadine amemfikia. Niliona jasho juu ya mdomo wa baba. Nadine alipuliza kizibo, akakirusha juu sana, kikagonga dari, kikaanguka mezani, kikazunguka na kutulia.

Mdomo chini.

Baba alimchukua mtu yule kwa vidole viwili, akampitisha juu ya uzi, akamsimamisha karibu na wenzake. Kisha akawahesabu, akiwagusa kichwani mmoja mmoja, bila haraka, mpaka kumi. Akahesabu tena.

"Bote banafika," alisema. Alinigeukia, na nilipoona uso wake nilijua hakuna atakayechomwa. "Bote. Mie njo nimeshinda."

Upande wa vita jeshi la Nadine lilikuwa limesimama lote, kumi kamili, halijaguswa, na kwa kila sharti tuliyowahi kuitunga mshindi alikuwa yeye. Nadine, ambaye hajawahi kukubali kushindwa na mtu mpaka leo hii, aliwatazama watu wake, akawatazama wa baba, akasema, "Ndiyo, papa. Umeshinda."